Jinsi ya Kupima Vyanzo vya Nasaba Zilizomo Mtandaoni

Mtu anayeandika jina la babu yake katika tovuti za nasaba kama FamilySearch, Geni, MyHeritage au Ancestry anaweza kuletewa, ndani ya dakika chache, mababu wa vizazi sita au saba, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa, mwaka wa kufa na majina ya wake zake. Furaha ya kuwaona ni ya haki. Hata hivyo, majina hayo yamepangwa na watu wa kawaida, wengine waangalifu na wengine wenye haraka, na kampuni au shirika linalomiliki tovuti halikupeleka mtu yeyote kuyahakiki. Kazi ya kupima inabaki kwa msomaji. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya, kwa mifano ya pwani ya Afrika Mashariki hasa, ambako hati ni chache, zimeandikwa kwa lugha kadhaa, na masimulizi ya wazee ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya habari.

Swali la kushika ni moja, nalo huulizwa kwa kila taarifa peke yake na si kwa mti mzima: nani alisema hili, alilijuaje, na liliandikwa lini? Watu wa pwani wameuzoea utaratibu huu katika elimu ya hadithi za Mtume, ambako maneno hayapokelewi mpaka ijulikane nani aliyapokea kwa nani, kama wawili hao waliishi zama moja na kuweza kukutana, na kama kila mmoja wao alikuwa mtu wa kuaminika. Nasaba inastahili ukali huohuo, kwa sababu ikishaandikwa vibaya huwabandika watu wazazi wasiokuwa wao.

Anza na ukurasa wa mtu mmoja

Usianze kwa kutazama mti wote, kwani mpangilio wake mzuri huficha mapengo. Chagua mtu mmoja, fungua ukurasa wake, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya vyanzo. Ikiwa ni tupu, ulichonacho ni dokezo tu. Huenda ni kweli, lakini hakuna aliyelitetea. Ikiwa kilichotajwa ni mti mwingine wa tovuti ileile, hujapewa hati. Umeambiwa tu kwamba mwandishi alinakili kwa mwenzake, na inakubidi umfuate huyo mwenzake, na aliyenakiliwa naye, hadi mwisho wa mnyororo, ambako mara nyingi hakuna kitu.

Hali ya tatu ni faharasa, yaani orodha ya majina iliyochapwa na mtu au kompyuta kutoka kwenye daftari la zamani. Faharasa husaidia kulipata daftari lakini haichukui nafasi yake. Aliyeichapa huenda hakujua Kiswahili wala Kiarabu, na hapo ndipo hutokea "Binti" kuwa jina la ukoo la wanawake ishirini wasiohusiana kabisa, au "bin" kuunganishwa na jina la baba na kuwa neno jipya. Hali ya nne, ambayo ndiyo tunayoitafuta, ni picha ya hati yenyewe. Watu wengi wakiona alama ya picha huridhika bila kuifungua. Ifungue, usome mstari wote na si jina tu, usome pia mistari ya juu na ya chini yake, na uangalie mashahidi ni nani. Hakikisha kwamba mtu aliyetajwa humo ni huyuhuyu na si mwenye jina kama lake, maana tovuti hupendekeza hati kwa kulinganisha majina na miaka, na anayebofya kukubali bila kusoma huambatisha ubatizo wa mtoto wa kijiji kingine.

Inafaa pia ujue uko katika mti wa aina gani. FamilySearch, Geni na WikiTree hujenga mti mmoja wa pamoja, ambamo ukurasa wa marehemu mmoja huhaririwa na watu wengi. Katika Ancestry, na kwa sehemu kubwa MyHeritage, kila mwanachama ana mti wake. Katika miti ya pamoja kuna historia ya mabadiliko, na mimi huiona kuwa sehemu yenye manufaa kuliko zote katika ukurasa. Humo utaona nani aliongeza jina la mama, lini, na kama alieleza sababu. Utaona pia kama watu wawili wamekuwa wakibadilishana tarehe kwa miezi, jambo linalokuonyesha kwamba mgogoro upo na haujatatuliwa.

Hatari ya pekee ya miti ya pamoja ni kuunganisha kurasa mbili zinazodhaniwa kuwa za mtu mmoja. Katika jamii zinazompa mjukuu jina la babu, kama ilivyo desturi ya pwani na pia ya Wakikuyu kwa mtoto wa kwanza wa kiume, nasaba huenda Ali bin Juma bin Ali bin Juma. Ali wa kwanza na Ali wa pili wana jina lilelile, baba mwenye jina lilelile na mji uleule. Mtu asiyeijua desturi hiyo akiwaona atawaunganisha kwa nia njema kabisa, na kizazi kizima kitatoweka. Ukikuta mtu aliyepata watoto kwa muda wa miaka sitini, au mwanamke aliyezaa kabla ya kufika miaka kumi, tazama kwanza kama hapo zamani kulikuwa na watu wawili.

Miti kumi inayokubaliana

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba taarifa lazima ni kweli kwa sababu iko katika miti kumi. Lakini miti hii hunakiliana. Tangu muundo wa faili la GEDCOM uanzishwe miaka ya 1980 ili programu za nasaba zibadilishane data, mtu anaweza kuhamisha maelfu ya majina kutoka mti mmoja kwenda mwingine kwa dakika moja, na vyanzo mara nyingi hupotea njiani. Miti kumi iliyotoka katika faili moja ni shahidi mmoja.

Ili kujua kama mashahidi ni kumi au mmoja, tafuta kosa au pekee ya maandishi iliyomo katika yote: tahajia isiyo ya kawaida, tarehe isiyowezekana kama 31 Juni, jina la mtaa lililowekwa mahali pa jina la nchi. Kosa la aina hiyo likijirudia neno kwa neno, mmepata mzazi wa nakala zote. Kinyume chake, taarifa mbili zinazotofautiana kidogo, moja kutoka daftari la misheni na nyingine kutoka kwa bibi ambaye hajawahi kuliona daftari hilo, zina uzito mkubwa zaidi kuliko miti mia inayofanana.

Ukurasa mmoja, taarifa zenye uzito tofauti

Chukua mfano wa Sayyida Salme, binti wa Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Maisha yake yalipita Unguja, Aden na Ujerumani, na habari zake zimechapishwa sana. Kwa kawaida huandikwa kwamba alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni; kwamba mama yake alikuwa Jilfidan, suria wa asili ya Kicherkasi, kutoka Caucasus; kwamba aliondoka Unguja mwaka 1866; kwamba tarehe 30 Mei 1867 huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyohiyo akafunga ndoa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete; na kwamba alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Yakiwekwa katika ukurasa mmoja, mambo haya huonekana kuwa na nguvu sawa. Tuyatenganishe.

Ubatizo na ndoa ni matukio ya aina inayoandikwa na mtu aliyekuwapo, siku yenyewe au karibu nayo, mbele ya mashahidi. Kifo cha mwaka 1924 kilitokea katika nchi iliyokuwa na ofisi za kusajili vifo. Kuzaliwa ni jambo jingine. Unguja ya mwaka 1844 haikuwa na ofisi ya kusajili vizazi, na hakuna binadamu anayeweza kuwa shahidi wa siku aliyozaliwa yeye mwenyewe. Hati yoyote ya baadaye inayotaja umri wake, iwe ya kanisa au ya serikali, ilipokea habari hiyo kutoka kwake au kwa watu wake. Kumbukumbu alizoandika kwa Kijerumani na kuchapishwa mwaka 1886 ni ushahidi wa moja kwa moja kuhusu maisha ya majumba ya Mtoni na Mji Mkongwe na ugomvi wa ndugu zake Majid na Barghash, ambao yeye mwenyewe alishiriki. Kuhusu utoto wa mama yake huko Caucasus, kitabu hichohicho ni masimulizi ya mama yaliyopokewa na mtoto. Sisemi kwamba ni uongo. Nasema kwamba ni hatua moja mbali zaidi. Na kwa kuwa kinaeleza kwamba Jilfidan alitekwa akiwa mtoto mdogo, mti wowote unaompandisha kwa majina ya baba, babu na mababu unapaswa kudaiwa hati kwa ukali mkubwa.

Sheria hii ndiyo ya kwenda nayo katika kila ukurasa: hati huwa shahidi mzuri wa tukio lililosababisha iandikwe, na shahidi dhaifu wa mengine yaliyotajwa ndani yake. Cheti cha kifo kinaweza kuaminika kuhusu tarehe ya kifo na kikakosea kabisa kuhusu mahali marehemu alipozaliwa, kwa sababu aliyetoa habari alikuwa mkwe aliyefika katika familia miaka arobaini baadaye.

Tazama pia kile ambacho fomu ya tovuti imemlazimisha mwandishi aseme. Fomu nyingi zina nafasi ya "mume" na "mke" tu, hivyo suria huingizwa kama mke, na baadaye mtu mwingine huongeza mwaka wa ndoa wa kukadiria kwa ndoa ambayo haikuwahi kufungwa. Fomu hutaka mahali pa kifo, hivyo Said bin Sultan huweza kuandikiwa Zanzibar kwa sababu ndiko alikozikwa, ilhali alifia baharini mwezi Oktoba 1856 akiwa njiani kutoka Muscat kurudi Unguja.

Tarehe za Hijria

Kifo hichohicho kinaonyesha vizuri namna tarehe inavyoharibika wakati wa kubadilishwa. Said bin Sultan alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, sawa na mwezi wa Safar mwaka 1273 Hijria. Mwaka 1273 ulianza karibu na tarehe 1 Septemba 1856 na kumalizika Agosti 1857. Mwandishi anayeona "1273" peke yake, bila mwezi, anaweza kuandika 1857 kwa kuwa miezi mingi ya mwaka huo imeangukia huko, na kwa kufanya hivyo atakosea. Kila mwaka wa Hijria unaoupata katika daftari la kadhi, katika hati ya wakfu au nyuma ya msahafu wa familia uandike kwanza kama ulivyo, kisha ongeza miaka miwili ya Miladia inayoweza kuhusika, kwa mfano 1856/1857, mpaka upate mwezi. Tofauti ya siku moja au mbili isikusumbue, kwa kuwa siku ya Kiislamu huanza magharibi na mwezi ulitegemea kuandama.

Kwa upande wa pili, jihadhari na tarehe kamili mno. Nchini Kenya usajili wa vizazi na vifo ulienea nchi nzima kama jambo la lazima mwanzoni mwa miaka ya 1970 tu, na Tanganyika ya ukoloni haikuwasajili Waafrika walio wengi. Mti unaosema kwamba mkulima wa bara alizaliwa tarehe 14 Machi 1912 unapaswa kueleza tarehe hiyo ilitoka wapi. Ikiwa ni daftari la ubatizo, vizuri. Tarehe 1 Januari na 1 Julai mara nyingi ni za kukadiria, zilizojazwa na karani wa pasipoti au wa shule ili fomu isibaki wazi.

Hati za pwani zina mitego yake

Majalada ya mirathi ni hazina, kwa sababu warithi hutajwa mbele ya kadhi na kila mmoja ana sababu ya kumkosoa mwenzake. Lakini yanaorodhesha warithi, hayaorodheshi watoto wote waliozaliwa. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto aliyefariki kabla ya baba yake hayumo, na watoto wake nao hawarithi ikiwa wapo wana wa marehemu walio hai. Mtu akikuambia kwamba babu yenu si wa ukoo ule kwa kuwa jina lake halimo katika mirathi, uliza kwanza baba yake alifariki lini.

Nisba, yaani majina ya ukoo au ya asili, nazo zinahitaji utulivu. Jina kama Al-Busaidi, Mazrui au Barwani huweza kuonyesha damu, na huweza pia kuonyesha kwamba mababu walikuwa watumwa au wafuasi wa nyumba hiyo na wakaendelea kujulikana kwayo hata baada ya amri ya 1897 iliyofuta hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Miti ya mtandaoni hupenda kumrukisha mtu wa aina hiyo moja kwa moja hadi Oman. Mtafiti mwaminifu huacha tawi lilipokomea, akatafuta vyeti vya uhuru, madaftari ya misheni za Bagamoyo, Freretown au Mkunazini, na habari za shamba alilofanya kazi. Kumjua bibi aliyeitwa kwa jina alilopewa na bwana wake, bila kujua baba yake alikuwa nani, ni maarifa ya kweli, nayo ni bora kuliko mti wa nasaba wa kifahari usiokuwa wake.

Minyororo mirefu ya asili, hasa ile ya Shirazi, isomwe kama historia ya madai kabla ya kusomwa kama orodha ya vizazi. Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya kale ya mji huo, imetufikia kwa njia mbili: kwa Kireno katika kazi ya João de Barros iliyochapishwa 1552, na kwa Kiarabu katika nakala ya karne ya 19 ambayo Sultani Barghash alimpa balozi John Kirk na ambayo sasa iko London. Habari mbili hizo zinatofautiana kuhusu namna mwanzilishi wa Kilwa alivyokuja kutoka Shiraz. Mti unaomfikisha mtu wa leo hadi kwa mwanzilishi huyo bila hata kutaja umefuata habari ipi haujafanya kazi ya utafiti.

Masimulizi ya wazee

Wapo wanaodhani kwamba simulizi ni chanzo cha daraja la chini kwa kuwa haina muhuri. Sikubaliani nao. Bibi aliyemlea mjukuu wa marehemu dada yake ni shahidi bora wa uzazi huo kuliko cheti kilichopatikana miaka thelathini baadaye kwa ajili ya kitambulisho. Linalotakiwa ni kumwandika kama shahidi: jina lake, umri wake, uhusiano wake na anayezungumziwa, mahali na siku ya mazungumzo. Muulize, "Huyu ulimwona mwenyewe, au ulimsikia nani akimtaja?" Muulize pia kama anayeitwa baba ni mzazi au ni baba mkubwa, na kama anayeitwa ndugu ni wa tumbo moja, kwa sababu mjukuu aliyeko Toronto au Muscat akiandika aliyoyasikia kwa simu hujaza nafasi ya mzazi bila kuuliza.

Umri utafute kwa matukio. Aliyekuwa anatambaa wakati wa Majimaji alizaliwa karibu na 1905 hadi 1907. Familia iliyohama baada ya tufani iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja imekupa mwaka 1872. Kisha hesabu vizazi. Masimulizi huhifadhi vizuri vizazi vya karibu na jina la mwanzilishi, na hupunguza watu wa katikati. Ikiwa kati ya babu aliyezaliwa 1900 na mwanzilishi anayesemwa aliishi 1700 kuna majina matatu tu, kila kizazi kimepewa takriban miaka hamsini. Elekea kuamini kwamba kuna waliosahauliwa, na usijaribu kuwabuni.

Taarifa zikigongana

Kabla ya kubadilisha chochote, mwandikie aliyeweka taarifa, kwa adabu na kwa swali linalojibika: "Assalaam alaykum. Nimeona umeandika kwamba Bibi Mwanaisha alizaliwa 1918. Sisi kwa upande wetu tumepokea kwamba alizaliwa baada ya Vita Kuu, wakati wazazi wameshahamia Tanga. Naomba kujua habari yako ilitoka kwa nani, na kama ipo hati ningeshukuru kuona picha yake." Ujumbe kama huu hupata jibu mara nyingi kuliko lawama, na mara nyingine huleta hati ambayo haijawahi kuwekwa mtandaoni.

Jibu lisipokuja, weka taarifa zote mbili katika sehemu ya maelezo, eleza chanzo cha kila moja, sema ipi unaielekea na kwa nini, na katika nafasi ya tarehe andika "takriban". Watu walio hai usiwaweke hadharani, wala usiandike mambo ya uzazi wa nje ya ndoa ambayo wahusika wangali hai. Na chanzo chako mwenyewe kiandike kwa namna ambayo mgeni anaweza kukifuata: "Simulizi ya mtoto wa dada wa marehemu, mwenye umri wa takriban miaka 80, aliyeishi naye nyumba moja hadi alipofariki, yamerekodiwa Pangani, Agosti 2023, sauti imehifadhiwa na familia."